Udongo Mtamu wa Miyuji

Miyuji, Dodoma
26 Februari 2026

Kwako Mama Munira,

Shikamoo. Hunijui, nami sikujui, ila vyombo vyako navijua kimoja kimoja. Naitwa Gerson Chilongani, ni mpishi. Nikisema mpishi usifikirie hawa wa kukoroga chai. Nimepika Zanzibar kwenye hoteli ambayo mgeni analipia hata upepo. Nimepika mgodini Geita kwa wanaume wenye njaa na hasira, wote wana sururu. Nimepika Muscat kwa mzee mmoja aliyekuwa hagusi sahani mpaka nipite mwenyewe mezani aone sura yangu. Shule niliishia darasa la tano, maana mwalimu na mimi hatukuafikiana nani kati yetu anafundisha. Dunia ikanisomesha bila ada.

Nimekupigia simu mpaka vocha ikanionea huruma. Habibu, kondakta wa basi la Kondoa, akaniambia, "Mama yule namba ya Dodoma hapokei hata ya mkuu wa mkoa. Mwandikie, nitampa mkononi." Ndiyo sababu ya mwandiko huu. Nisamehe, mkono wangu umezoea mwiko.

Tangu Desemba nipo kwa Mama Ruthu, kwenye jiko lile ulilolishika miaka yote. Jirani yetu Restuta, yule wa kwaya, ndiye aliyeniunganishia kazi. Aliniambia umerudi kwenu kupumzika. Sikuuliza zaidi, kazi ni kazi.

Sasa jambo lenyewe. Pasaka ya Kiyahudi ya Mama inaingia jioni ya tarehe mosi Aprili, na anataka haroseti. Si kwamba siijui. Ni matunda na njugu na viungo, vinapondwa pamoja mpaka vifanane na tope, ukumbusho wa udongo ambao babu zao walikuwa wanafyatulia matofali Misri walipokuwa watumwa. Naijua. Nataka tu kulinganisha na yako, fundi kwa fundi.

Nilimtengenezea ya kuonja. Matufaha ya soko la Sabasaba, karanga za kwetu zilizokaangwa mpaka jirani akachungulia, asali, na divai ya hapa hapa Dodoma, nusu chupa. Nusu nyingine tusiijadili. Bakuli lilikuwa kama picha ya kalenda. Mama akaonja, akaweka kijiko, akauliza kwa adabu kabisa, "Hii ni ya nani?" Nikasema ni haroseti yako, Mama. Akasema, "Hapana. Ya mama yangu si hii. Mwulize Mama Munira, yeye anaijua." Kisha akaendelea kunywa chai yake kwenye kile kikombe chake cha fedha, huku ananitazama kama mtu aliyeshuka stendi isiyo yake.

Basi nakuuliza. Niandikie vipimo, Habibu atavileta. Ramadhani njema.

Ni mimi,
Gerson Chilongani, Mpishi wa Kimataifa


Kondoa
3 Machi 2026

Gerson,

Marahaba. Barua yako nimeipata wakati wa kufuturu na futari sikuimaliza.

Inaelekea hukuambiwa, basi nakuambia mimi. Mwezi wa kumi na moja kikombe hicho cha fedha kilipotea. Narudi kutoka sokoni na kapu, Mama akanisimamisha getini. Akalipindua kapu, nyanya zikatapakaa. Akasema mbele ya Restuta na kila aliyekuwa anapita kwamba mimi ni mwizi, na kwamba nimemwibia tangu mwanangu Munira yuko tumboni. Nyanya sikuziokota. Niliingia ndani nikachukua khanga zangu, nikaenda stendi.

Huyo ni mtu aliyenikuta hapa Kondoa nikiwa msichana, alipokuja kutoka ng'ambo na vitabu vyake vya elimu ya udongo, kuziba makorongo. Alikuwa hajui hata kuomba maji ya kunywa kwa Kiswahili. Nilimfundisha mimi. Nikamfuata Dodoma. Nikazeeka jikoni kwake.

Na leo wewe unaniandikia kwamba anakinywea chai, kama mtu anayesema jana kulikuwa na wingu. Kwa hiyo kipo. Kilionekana lini? Nani aliyekiona? Kwa nini hakuna mtu aliyepanda basi kuja kuniambia?

Na mengine hayo. Kikombe kile ni cha nabii Eliya. Hujazwa usiku wa Pasaka yao tu, kikakaa mezani kikimsubiri. Mimi nikiwepo kilikuwa hakishuki kabatini siku nyingine. Umemwachiaje akinywee chai?

Vipimo sikupi. Mdomo ulioniita mwizi uniondolee neno hilo kwanza. Si mdomo wako, si wa Restuta. Wake. Na uniondolee palipo na watu, kwa kuwa lilisemwa palipo na watu.

Karanga ni jamii ya kunde, na kwao kunde haziliwi siku hizo. Mpishi wa Kimataifa.

Mishi


Miyuji
9 Machi 2026

Kwa mpendwa Mama Munira,

Bwana Yesu asifiwe sana. Natumaini hujambo na unaendelea vizuri na ujenzi wa taifa.

Mimi Ruthu, mwajiri wako wa zamani, kwa unyenyekevu mkubwa kabisa naomba unisamehe kwa maneno niliyoyatamka getini. Shetani alinipitia. Wewe si mwizi, hujawahi kuwa mwizi, na ukoo wako wote si wezi mpaka kizazi cha saba. Kama wasemavyo watu wa Muscat, moyo wa mtu mwema ni bustani, akiikanyaga ng'ombe haimaanishi ng'ombe ana nia mbaya.

Ukinisamehe, tafadhali mtumie vipimo vya haroseti mpishi wangu mpya, Gerson, mtu hodari na mnyenyekevu ambaye sijapata kuona mfano wake.

Ni mimi mkosefu,
Mama Ruthu


Kondoa
14 Machi 2026

Gerson,

Mwambie aliyeandika barua ya tarehe tisa kwamba nimeipata. Mwambie pia kwamba Mama ni Myahudi.

Miaka yote niliyokaa naye sijamsikia akisema Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji akija akamsalimia hivyo, Mama humjibu "karibu chai." Na shetani hampitii. Yeye akikosea husema "nimekosea," kisha hutoka chumbani, na baada ya saa moja hurudi amebeba kitu, ndizi au kitambaa, anakiweka karibu yako kama kimeanguka chenyewe. Huko ndiko kuomba radhi kwake. Huyo ng'ombe wa bustanini simjui.

Nilicheka, sitakuficha. Munira akauliza, "Mama, unacheka nini?" na wakati huo nilikuwa nalia vile vile.

Sasa nijibu wewe, kwa jina lako. Mama amewaandikia mawaziri barua kuhusu makorongo, kwa mkono wake, wakamjibu. Imekuwaje leo anaandikiwa? Ana nini?

Mishi


Miyuji
18 Machi 2026

Mama Munira,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa ajili ya aibu, na aibu kwangu ni mgeni, ilichukua muda kumtambua.

Barua ile niliiandika mimi. Nikaisoma mwenyewe nikasema, huyu Gerson angefaa ubunge. Lile la Bwana Yesu lilitoka lenyewe. Kwetu Bahi ukianza barua bila hilo mama yako anajua umeshaanza kunywa.

Sasa nakuambia kweli, na hapa mzaha umeisha.

Mama Ruthu anasahau. Si kusahau miwani. Anaweza kukueleza udongo wa Kondoa tabaka kwa tabaka, upi unashika maji na upi unayakimbiza, lakini hajui kama amekula. Nilimpeleka hospitali ya Mvumi, daktari akaongea naye kwa upole muda mrefu, kisha akaongea na mimi kwa muda mfupi. Ugonjwa huu hautapona, alisema. Utaendelea.

Kikombe alikificha mwenyewe. Nilikikuta wiki yangu ya kwanza, ndani ya buti zake za mvua, kimefungwa kwenye soksi. Nikakiosha nikampa. Akasema, "Ahaa, asante," kama nimempa kijiko. Mimi sikujua kina kesi. Restuta anaijua kesi, lakini hakujua kimepatikana. Kila mtu alikuwa na nusu yake, na Mama ambaye alikuwa na zote mbili hana tena hata moja.

Uliponiandikia, nilimwambia. Nilikaa naye barazani nikasema, Mama, mwezi wa kumi na moja ulimwita Mama Munira mwizi, ndiyo maana hayupo. Akasema, "Nani? Mimi?" Kisha akalia. Mama Munira, mimi nilikuwepo mgodini kifusi kiliposhuka, nimeona wanaume wakilia. Sijaona kilio kama kile. Akataka kalamu akuandikie. Nikakimbia kuileta. Niliporudi ameshika karatasi, anaigeuza, akaniuliza, "Nilikuwa nataka kuandika nini?"

Kesho yake nikajaribu tena, asubuhi, akili ikiwa mbichi. Alilia vile vile, upya, kama hajapata kuambiwa. Nikasema basi. Nikimwambia kila siku, kila siku atafiwa. Ndipo nikaishika kalamu mimi, na ng'ombe wangu.

Kila asubuhi akiamka ananiuliza, "Mama Munira amerudi kutoka sokoni?" Namjibu, "Bado, Mama." Anasema, "Leo amechelewa." Kisha tunakunywa chai.

Unachodai ni haki yako. Siwezi kukwambia si haki yako. Ila kisima unachokiwekea ndoo kimekauka, na mimi nimechungulia mpaka chini.

Kuna na hili. Mwanawe Joshua yuko Kanada, atafika tarehe kumi Aprili kumchukua, siku moja baada ya siku zao za Pasaka kuisha. Nyumba itapangishwa. Kwa hiyo mwaka huu ndio wa mwisho kwake kuketi kwenye meza ile. Nimetengeneza haroseti tena. Nikatoa karanga kama ulivyosema, nikatia korosho na tende. Akasema, "Ya mama yangu si hii." Nimemlisha tajiri wa Muscat akanililia nisiondoke, halafu nashindwa na bakuli moja la matunda.

Nilimwuliza siku moja, Mama, kama huu ni udongo wa utumwa, mbona mtamu? Akasema, "Ili watoto waule." Siku hiyo alikuwa mzima kabisa. Nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni, na sisi tunapikia gesi.

Idi njema ikifika.

Gerson


Kondoa
24 Machi 2026

Gerson mwanangu,

Idi tumesali salama. Barua yako nilifika pale penye buti za mvua nikashindwa, Munira akaisoma iliyobaki. Zile buti nilimnunulia mimi.

Sitakudanganya, bado inauma. Hapa Kondoa habari ilinitangulia. Nikiingia dukani mwenye duka anatazama mikono yangu. Ugonjwa wa Mama haukuniondolea hilo, umemwondolea yeye. Hapo ndipo panaponichoma. Yeye ameachiwa, mimi nimebaki nalo.

Lakini zimebaki tende za Ramadhani, na kila nikizitazama nakumbuka kwamba huko kuna mtu anapewa korosho na uongo.

Shida yako ni divai. Mimi divai sishiki, dini yangu hainiruhusu. Mwaka wa kwanza nilimwambia Mama, nitapika kila kitu, hiyo hapana. Akasema sawa. Nikakamua zabibu mbichi, maji yake nikayachemsha mpaka yakawa mazito kama asali, nikachanganya hayo. Akaonja. Akakitazama kijiko. Nikajua kabisa haifanani na ya kwao. Kisha akasema, "Ni kama ya mama yangu." Ilikuwa heshima tu, alinistahi. Mwaka wa pili akasema hivyo hivyo. Na mwaka mmoja, sijui wa ngapi, nikamtazama anavyosema nikaona si heshima tena. Ameamini.

Mama yake alikuwa anatia divai, Gerson. Wewe siku ya kwanza ulipatia kuliko mimi. Ndiyo maana alikukataa.

Nakuja Jumanne, tarehe thelathini na moja, na basi la Habibu. Nikifika nisikukute. Mtu akirudi mahali alipofukuzwa hapendi kutazamwa usoni. Nenda kwenu Bahi ukafukuze ndege kwenye mpunga. Kabla ya kuondoka toa mkate wote, unga, maandazi, mpaka makombo ya droo, siku hizo Mama hataki ndani kitu kilichoumuka. Ninunulie matufaha magumu, zabibu nyeusi mbichi na mdalasini wa vijiti. Mchunga wa majani machungu Restuta anajua unapoota. Na alale na Mama mpaka nifike.

Sijasema nimesamehe. Nimesema nakuja.

Mishi


Jikoni, Miyuji
30 Machi 2026

Mama Munira,

Shikamoo, karibu kwako. Naiacha chini ya sahani ya matufaha ili upepo usiisome.

Nyumba haina chembe ya mkate. Nimesugua mpaka nyuma ya jokofu, nikakuta andazi ambalo nadhani ni la wakati wako, nimelizika kwa heshima. Kikombe cha Eliya nimekisafisha kwa majivu na ndimu, nimekirudisha kabatini. Chai sasa anainywea kwenye bilauri, ameuliza mara mbili, kisha akazoea.

Mwiko mkubwa umepasuka. Haukupasuliwa na mimi. Basi ulipasuliwa na mimi.

Mama ameniuliza naenda wapi na begi. Nikasema naenda kumfuata Mama Munira sokoni. Akasema, "Afadhali."

Gerson


Miyuji
3 Aprili 2026

Gerson mwanangu,

Mwiko nimeuona. Tutazungumza.

Nilifika Jumanne alasiri. Mama alikuwa barazani na Restuta. Amekonda, shingo imekuwa ya ndege. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Akilia nitasema hivi, akinifukuza tena nitasema vile. Nikasema, "Shikamoo, Mama." Akaniangalia vizuri, akasema, "Marahaba. Wewe ndiye msaidizi mpya?"

Hakunijua. Katika yote niliyoyapanga ndani ya basi, hilo halikuwemo.

Akauliza, "Na yule mwanaume? Yule anayesema sana?" Nikasema ameenda kwao kupumzika. Akasema, "Na mdomo wake upumzike." Nakuletea salamu kama nilivyozipokea.

Jumatano nikashika kinu. Aliposikia mtwango alikuja mwenyewe, akavuta kigoda, akaanza kunielekeza. "Matufaha usiyaponde sana. Yabaki na mchanga wake. Udongo usio na mchanga haushiki ukutani." Gerson, hayo ni maneno yangu. Bibi yangu alikuwa fundi wa kukandika nyumba, niliyapata kwake, na mwaka wa kwanza nilipomwambia Mama alicheka akasema hilo hata chuoni hawakulisema vizuri hivyo. Sasa ananifundisha mimi. Nikasema, "Nimeelewa, Mama." Nikayachemsha maji ya zabibu, nikatia tende, mdalasini, nikabandika donge ukutani mwa kinu tuone. Likashika. Akatikisa kichwa kama mkaguzi.

Jua lilipozama tukaketi watatu. Divai alimimina Restuta, maana mimi sishiki na mkono wa Mama unatetemeka. Kikombe cha Eliya kikajazwa kikawekwa katikati. Alisoma kidogo kwa lugha yao, mengine alikuwa hayatafuti, yalikuja yenyewe. Kisha akachukua jani la mchunga, akachovya kwenye haroseti, akala.

Akafumba macho. Akasema, "Ni ya mama yangu."

Nilidhani yameisha. Akanigeukia. "Nani alikufundisha?"

Nikasema, "Mama Munira."

"Nilijua. Hakuna mwingine anayejua." Akakivuta kikombe kile karibu yake. "Unakiona hiki? Ufunguo wa kabati lake anao yeye. Mimi nasahau, yeye hasahau. Hajatoa hata chumvi nyumba hii bila kuniambia."

Na Restuta, yule mwanamke naye, akasema polepole, "Lakini Mama, si ilisemwa alikichukua?"

Nilimtafuta mguu chini ya meza nimkanyage, nikamkosa.

Mama akakunja uso. Ile sura yake ya zamani, aliyokuwa akiwakunjia watu wa ofisini wanaoleta takwimu za uongo. Akasema, "Mpumbavu gani alisema hivyo?"

Restuta anaangalia sahani. Mimi naangalia ile divai.

Nikasema, "Sijui, Mama. Labda mpita njia."

Akasema, "Akipita tena, mwambieni aje aniambie mimi." Kisha akaniomba nikafungue mlango, ndiyo desturi, nabii apate kuingia. Nikaenda nikafungua. Nilisimama pale mlangoni zaidi ya desturi, nikitazama geti na ule mchanga mbele yake mahali nyanya zilipomwagika. Upepo wa Miyuji unaujua, nilikuwa na kisingizio cha kufuta macho.

Nilitaka neno liondolewe na mdomo ule ule, palipo na mtu. Restuta alikuwepo getini, na alikuwepo mezani. Amesema Jumapili kanisani ataanza yeye mwenyewe kuieleza habari hii, na unamjua Restuta, akieleza yeye haihitaji redio.

Sikumwambia mimi ni nani. Angefurahi, halafu angeuliza nilikuwa wapi.

Mishi


Bahi
5 Aprili 2026

Mama Munira,

Shikamoo. Leo ni Pasaka yetu sisi, nimetoka kanisani nimeimba sauti ya kwanza mpaka mwalimu wa kwaya akaniomba nisiimbe. Barua yako ililetwa na bodaboda wa hapa aliyekuwa mjini. Nimeisomea shambani nikiwa na kombeo shingoni. Ndege wamekula upande mmoja wote wa mpunga. Dada yangu Penina amesema, "Umefukuza ndege Muscat, hapa umeshindwa?" Nimemwambia nilikuwa nasoma. Hakuniuliza zaidi, aliona uso wangu.

Mimi nimekutana na wakubwa wengi, na wote nimekwisha kuwasimulia. Hii ya mpita njia sitaisimulia. Nimejaribu kumsimulia Penina nikaishia katikati.

Nitarudi Alhamisi kuaga. Mchele nakuja nao, najua nao, kama kunde, hauingii ndani mpaka siku zake ziishe, nitauacha kwa Restuta. Joshua akifika nitamweleza mwenyewe ugonjwa ulivyo, wewe usijibebeshe hilo. Na kama atamtaka mtu wa kumsindikiza Mama mpaka Kanada, mimi baridi naijua, nimewahi kufungiwa kwenye jokofu la hoteli.

Kitu kimoja kinanisumbua. Asubuhi akiuliza kama Mama Munira amerudi kutoka sokoni, mimi nilikuwa najibu bado. Sasa wewe mwenyewe ndiye uliyesimama mbele yake. Unamjibu nini?

Gerson


Miyuji
7 Aprili 2026

Gerson mwanangu,

Mchele ulete. Mwiko mpya pia.

Nimeponda haroseti nyingine, ipo kwenye chupa ya mfuniko mpana, Mama aende nayo. Joshua atashangaa, utotoni alikuwa akiila kwa kidole, lakini ulimi utamkumbusha. Nimemwandikia na namna ya kuitengeneza. Nimeandika maji ya zabibu. Sikuandika divai.

Umeuliza namjibu nini. Siku ya kwanza nilishindwa, nikasema bado, kama wewe. Leo amekaa kitandani namfunga vifungo vya sweta, akauliza, "Mama Munira amerudi kutoka sokoni?"

Nikasema, "Amerudi, Mama."

Akashusha pumzi. Akanishika mkono huu uliokuwa kwenye kifungo, akasema, "Usimpe kazi sasa hivi. Mwambie akae kwanza apumzike, ametembea sana."

Nikakaa.

Mama Munira